Tundu la Kushoto

Msichana mmoja anayeuza hereni sokoni Homa Bay aliniambia juzi kwamba sikio langu la kushoto lilitobolewa vibaya. Hakuwa na ubaya, lakini alinikera. Nilitaka hereni za kuvaa kwenye harusi ya mpwa wangu. Ya kulia iliingia bila taabu, ya kushoto ikagoma, ikazungushwa, ikachoma pembeni. "Mathe, aliyekutoboa alikuwa amefumba macho?" akaniuliza huku anacheka. Nikamwambia aliyenitoboa alikuwa na macho makali kuliko yake, aliyeharibu ni mimi mwenyewe, na kama imemshinda aniachie nitaivaa nyumbani. Akachukua kichupa cha mafuta, akapaka kidogo kwenye tundu ili hereni iteleze. Mafuta yale, sijui alikoyatoa, yalinuka samli iliyochemka. Nikaomba kiti.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Nimeosha vidonda vya kila aina, vya panga, vya kiboko, vya pikipiki, na wasichana wengi nimewafundisha kutunza sikio lililotobolewa: maji ya vuguvugu yenye chumvi, mikono safi, usichokonoe, usililalie. Nasema kwa sauti ya mtu anayejua. Lakini sikio langu mwenyewe sijawahi kulieleza kwa mtu, kwa sababu yaliyolipata niliyaelewa kombo tangu mwanzo, na mengine sina hakika kama nayaelewa hata leo.

Ninyi wa rika langu mliokulia Kendu Bay mnaukumbuka ule mwaka ziwa lilipopanda. Mvua ilinyesha mpaka tukasahau jua, na maji yakaja polepole, leo yamefika kwenye migomba, kesho yamefika chooni, keshokutwa yako jikoni. Sisi watoto tulifurahi. Nilisimama mlangoni nikamwona kambale anapita pale palipokuwa na jiwe la kusagia, nikapiga makofi, mama akanizaba kibao. Sikuelewa kosa langu. Siku chache baadaye ukuta wa nyuma ukaanguka. Baba, aliyekuwa mwalimu, akahamishia vitabu vyake na kitanda kwenye chumba kimoja pale shuleni alikofundisha, na ikaonekana chumba kile hakitutoshi wote. Nilikuwa na miaka minane hivi. Mdogo wangu alikuwa bado ananyonya, kwa hiyo wa kupunguzwa nilikuwa mimi.

Mama yangu alikuwa Mkuria na baba Mjaluo, na nyumbani tuliongea Dholuo tu. Mjomba, kaka yake mama, ndiye aliyekuja kunichukua. Alikuwa mchuuzi wa ng'ombe, mtu wa utani, mwenye fimbo iliyong'aa kwa kushikwa. Alikuwa anipeleke kwa nyanya mzaa mama, juu huko karibu na Ogwedhi. Nyanya huyo sikuwahi kumwona. Yeye naye hakuwahi kukanyaga kwetu, na kila nilipouliza sababu niliambiwa ni mbali. Mama alinifungia nguo zangu kwenye leso, akanishika masikio yote mawili kama alivyozoea akiniogesha, akaniachia. "Usimsumbue nyanyako," alisema. Hakusema nitarudi lini. Nyumba imeliwa na ziwa, na mama hakusema nitarudi lini: mambo hayo mawili niliyabeba kwenye basi mpaka Migori, nikayabeba na kesho yake tulipotembea kwa miguu.

Nyanya alikuwa mrefu, mkavu, na kitu cha kwanza nilichoona ni masikio. Ndewe zake zilikuwa zimetobolewa zamani na kupanuliwa, zikaning'inia mpaka karibu na taya. Akiinama kupika au kukamua alizinyanyua moja moja, akazipachika juu ya sikio zisimsumbue. Nilimkodolea macho bila adabu. Masikio ya mama yangu yaliishia na kifundo kigumu huku na huku, kama mshono wa gunia. Nilipomuuliza zamani aliniambia alishonwa, nami nikachukulia kwamba yalichanika kama nguo zinavyochanika. Sasa nilimtazama nyanya nikajaribu kuweka masikio yake na ya mama pamoja kichwani mwangu, na hayakutaka kukaa pamoja.

Yeye hakujua Dholuo, mimi sikujua Kikuria. Tukabaki na Kiswahili, changu cha darasa la pili, chake cha mnadani, cha kuuliza bei na kumfukuza mtu.

"Wewe nakula?"

"Ndiyo, nyanya."

"Nalala muzuri?"

"Ndiyo, nyanya."

"Mama yako..." alianza siku ile ya kwanza, kisha akaacha hapohapo, akachukua kibuyu akaenda kukamua. Nilimsubiri arudi amalizie. Alirudi na maziwa tu.

Nilikuwa nimekaa pale majuma mawili au matatu, asubuhi moja akaniita, akanikalisha kwenye kigoda nje ya nyumba. Alinisugua ndewe kwa vidole mpaka zikafa ganzi. Nilidhani ananichezea, nikacheka. Akatoa mwiba wa mgunga aliokuwa ameupitisha kwenye moto, na kabla sijamaliza kucheka, la kulia likawa limetobolewa. Nilipiga yowe ng'ombe wakageuka zizini. La kushoto alilitoboa amenibana kichwa kwa magoti. Akachomeka kijiti cha nyasi kavu kila upande, akapaka samli, ndipo akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mutoto ya hapa nakaa namna hii. Mama yako pia, mimi nilitoboa."

Sikuwa nimeambiwa. Sikuwa nimeulizwa. Nililia mpaka adhuhuri, na hasira yangu ilikuwa kubwa kuliko maumivu.

Lakini sasa nawaambia jambo lililonichanganya kuliko mwiba wenyewe. Kutoka siku ile, mwanamke huyu asiyekuwa na maneno kwangu alinipa kila asubuhi yake. Kabla ng'ombe hawajatoka, maji yalikuwa tayari motoni yamechemshwa na majani machungu na chumvi, yakapoozwa mpaka yakawa vuguvugu. Aliosha mikono yake kwanza, mpaka kwenye viwiko, akanilaza kichwa mapajani. Alidondosha maji mbele ya sikio na nyuma yake mpaka kigaga kilainike. Hakukibandua kwa kucha hata siku moja. Kilitoka chenyewe, akakifuta kwa kitambaa alichokianika juani. Ndipo akatia samli, akazungusha kijiti kidogo sana, kama mtu anayefungua mlango wa chumba chenye mgonjwa. "Kavu usizungusha," alinionya. "Nalala juu ya mugongo. Mukono chafu, hapana gusa." Baada ya siku chache akatoa kile kijiti akatia kinene kidogo. Mikono yake ilinuka moshi na maziwa. Nilimchukia kwa kunitoboa, na kila asubuhi nilifika kwenye kile kigoda kabla hajaniita. Niliona haya kwa jambo hilo, sijui kwa nini.

Ikafika siku ya mnada Ogwedhi, mjomba akanichukua. Kulikuwa na vumbi, kelele na Wamaasai wenye masikio kama ya nyanya, na ng'ombe wengi kuliko watu. Niliona wanunuzi wakimwendea ng'ombe na kumshika sikio kabla hata hawajamtazama kiwele. Wanalikunjua, wanalichungulia, wanatajiana majina. Ndipo nilipotambua kwamba masikio yale yamekatwa, mengine kwa pembeni, mengine kwenye ncha, mengine yana tundu. Juma lilelile nilikuwa nimewaona vijana wa bomani wakiwashika ndama na kuwakata masikio, na nyanya akiwapaka samli. Samli ileile yangu.

"Mjomba, mbona wanawakata?"

"Ili wajulikane ni wa nani," akasema. "Ng'ombe akipotea hata mpaka Tanzania, sikio ndilo linamrudisha kwa mwenyewe."

Akanipigapiga kichwani akaendelea na biashara zake. Hakujua alichonifanyia. Nilisimama pale nimeshika vijiti vyangu viwili. Mutoto ya hapa nakaa namna hii. Ziwa limekula nyumba yetu. Mama hakusema nitarudi lini. Mambo yote yaliyokuwa yameelea yakashikana. Nilikuwa nimetolewa, nikapokelewa, nikawekwa alama. Hata baba akija kunichukua, hata nikitoroka nifike Kendu Bay kwa miguu yangu, mtu yeyote atakunjua sikio langu, ataona, atanirudisha. Kwa nini basi mama alinishika masikio siku ile? Alikuwa anayaaga. Alijua.

Mtoto akishaamua jambo hamwambii mtu. Niliamua kuziba matundu.

Nilijua namna ya kuziba. Nilimwona nyanya akiziba nyufa za ghala la wimbi kwa mavi ya ng'ombe yaliyo mabichi. Alikandika, akalainisha kwa kiganja, na kesho yake hata sisimizi hakupita. Kwa hiyo nilipokwenda na ndama malishoni nilijificha nyuma ya kichaka, nikachomoa kijiti cha kushoto, nikachukua mavi ya moto moto, nikakandika. Mbele na nyuma. La kulia niliacha nione kwanza kama kazi inafaa. Ujanja huo ndio ulioniponya. Nikajifunga leso kichwani kwa siku tatu, na nyanya aliponiita kuosha asubuhi nilisema sikio haliumi tena, nimepona. Alinitazama sana. Labda alifikiri nimechoka naye.

Leo najua pepopunda ni nini. Nimewashika watoto walioumwa nayo, na kila nilipowashika nilijua kwamba mmoja wao angeweza kuwa mimi. Wakati ule nilijua tu kwamba siku ya nne sikio lilivimba likawa kama ndizi mbivu, kichwa kikawaka moto, nikawa natetemeka kwenye jua. Nyanya akaivuta leso. Akagusa sikio, akanusa kidole chake.

"Nani naweka hii?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

Sikuwa na Kiswahili cha kueleza kwa nini. Nilitafuta maneno, nikapata manne. "Mimi si ng'ombe, nyanya."

Hakuelewa. Alimgeukia mjomba, mjomba akaangua kicheko, halafu akakumbuka mnada, kicheko kikamkauka. Alimweleza nyanya kwa Kikuria, maneno mengi, na nikaona uso wa yule mwanamke unavyobadilika bila mimi kujua unabadilika kuelekea wapi. Nilitarajia kofi. Aliinuka akaenda kuchemsha maji.

Aliniosha asubuhi, mchana na jioni. Usaha ulitoka, na harufu yake ilimfukuza mjomba, yeye haikumfukuza. Mimi nilipiga mateke. Niliung'ata mkono wake. Mjomba, akiwa mlangoni, akasema kwa utani wake wa siku zote, "Mwacheni, sikio la kufa halisikii dawa." Ni msemo, kila mtu anaujua, lakini mimi niliusikia siku hiyo kwa mara ya kwanza, nikajua sikio langu linakufa na nitalizika. Nililala nimelishika ili lisianguke.

Homa iliposhuka, nyanya alisema nirudishwe kwa mama yangu, kwani kule kuna dawa ya sindano. Mnaona jinsi nilivyochanganyikiwa? Nilipaswa kufurahi. Nilikuwa nimepata nilichokitaka. Badala yake nilimtazama akinifungia samli kwenye kibuyu kidogo, nikafikiri, ananirudisha kwa sababu nimeharibika, kama ngozi iliyotoboka haitakiwi sokoni. Alichonga kijiti kipya, akakipitisha taratibu kwenye lile tundu la kushoto ambalo sasa lilikuwa limepinda, akaniambia, "Asubuhi, jioni. Mukono safi. Kijiti isitoke. Ambia mama yako..." Nikangoja. Mdomo wake ulibaki wazi kidogo. "Ambia yeye kijiti isitoke."

Kendu Bay maji yalikuwa bado hayajarudi kwao. Tulikaa kwenye kile chumba cha shule, nyuma ya darasa la baba. Mama alinipokea, akanikumbatia, kisha akaniona masikio. Nikampa kibuyu na ujumbe wangu.

"Alisema nini tena?"

"Kijiti kisitoke."

"Basi? Nyathina, mwanangu, fikiri vizuri. Hakuna neno lingine?"

"Asubuhi na jioni. Mikono iwe safi."

Aliniuliza mara tatu siku hiyo, kila mara kana kwamba mimi ndiye niliyelipoteza hilo neno njiani. Kesho yake akanipeleka kwenye dispensari, nikachomwa sindano.

Baba ndiye aliyeyasemea masikio. Kanisa letu halikutaka hereni, shanga wala pete, na baba alikuwa mwalimu na msomaji wa Neno. Alinitazama kana kwamba nimerudi na tabia mbaya. "Ondoeni hivyo vijiti, matundu yazibe," akasema. Nikajaribu kusema kwamba mimi mwenyewe nataka yazibe, nimeshajaribu, akainua kidole. "Sikio halizidi kichwa, mwanangu. Usijibu." Mama akasema taratibu, "Lina usaha. Lipone kwanza."

Hivyo kuosha kukaanza upya. Maji ya vuguvugu, chumvi, mikono mpaka viwikoni, kichwa mapajani. Nilifumba macho nikashindwa kujua niko wapi. Hakukuwa na tofauti hata ya kidole. Mkono uliofundishwa na mwingine unafanana nao, hilo nililiona kazini siku zote, lakini wakati ule lilinitisha. Nyanya alikuwa ananiosha ili tundu lisizibe, mama ananiosha ili lizibe, na kuosha kulikuwa kulekule. Sasa sikio litajuaje lifanye lipi?

Kila jioni baba aliuliza kutoka mezani kwake, "Limeziba?"

"Linapona," mama alijibu.

Juma likapita, la pili likapita. Limeziba? Linapona. Siku moja nikajigusa ingawa nilikatazwa, na pale palipokuwa na kijiti nikakuta uzi. Uzi mweusi wa kushonea, umepitishwa katika masikio yote mawili na kufungwa kifundo kidogo nyuma, mahali ambapo nywele zinaficha. Hauonekani. Mama alikuwa anautelezesha kila anapoosha, kwa samli ya nyanya.

Kumbe mama yuko upande wao. Anaitunza ile alama, anamficha baba, ananiweka tayari. Maji yakishuka na nyumba ikijengwa, haitajengwa na nafasi yangu. Sijawahi kujisikia mpweke namna ile tena, hata nilipofiwa na mume. Nilimuuliza jioni hiyo, kichwa kikiwa mapajani mwake, "Mama, unataka nirudi kule?"

"Tulia," akasema. "Ukitikisika nitakuumiza."

Wiki iliyofuata nyanya akaja.

Nilimwona kutoka uwanjani. Alikuja na barabara ya vumbi, mrefu, mkavu, ndewe zimepachikwa juu ya masikio, mjomba akimfuata nyuma na fimbo yake. Fimbo ya kuswagia ng'ombe. Sikungoja. Niliingia chumbani mbio, nikajitupa chini ya kitanda.

Baba naye alikimbia, kwa sababu yake. Kwetu mama mkwe ni mtu wa heshima nzito. Huwezi kumtazama usoni ovyo wala kubanana naye kwenye chumba kimoja chenye kitanda chako. Baba, ambaye mkaguzi wa shule hakumtetemesha, alichungulia mlangoni, akasema "Yawa!" akatoka kwa dirisha la darasa la tatu. Wanafunzi wake walisimulia jambo hilo kwa miaka. Nyanya naye hakukubali kuingia ndani. Alikaa nje kwenye jiwe, kivulini mwa ukuta, mgongo wima.

Mama akainama, akanishika mguu. "Toka."

"Amekuja kunichukua."

"Nani akuchukue? Toka, ni saa ya kuosha."

Alinivuta nje na bakuli la maji ya chumvi nikapewa mimi nilishike. Nilisimama kati yao, nimelikumbatia bakuli. Na hapo jambo likanishangaza hata nikasahau kuogopa. Mama na mtoto wake, wanawake wawili wenye lugha moja, walisalimiana kwa Kiswahili.

"Habari yako, mama ya mutoto."

"Nzuri, mama. Karibu."

Nilimtazama mjomba. Akaniinamia, akaninong'oneza kwamba siku mama aliposhonwa masikio kule misheni ili abatizwe, nyanya aliapa kutomsemesha tena lugha ya nyumbani. Tangu siku hiyo, alisema, hawajaonana.

"Mimi nilisikia mutoto amekufa," nyanya akasema, akimtazama mama kidogo tu, kama unavyomtazama karani. "Watu ya mnada wanasema. Nikasema nakuja kuona kaburi."

"Hakufa. Huyu hapa."

Nyanya akanivuta karibu. Nilikaza miguu, akanivuta tu. Aliligeuza sikio la kushoto, akakunja nywele, akaona uzi. Akakishika kile kifundo kwa ncha ya vidole. Akageuza la kulia, akaona vilevile. Hakunishika mkono kuniondoa pale. Ng'ambo ya ukuta darasa la kwanza walikuwa wakiimba hesabu.

"Nani naosha huyu?"

"Mimi," mama akasema.

"Bwana yako nataka hii?"

"Hataki."

"Kanisa?"

"Hapana."

"Sasa kwa nini wewe hapana acha izibe?"

Mama alikuwa amepiga magoti, kitambaa mkononi. "Sikujua izibe au isizibe," akasema. "Sikutaka tu aachwe na kidonda peke yake."

Macho ya nyanya, ambayo tangu aketi yalikuwa kwangu, yakahama, yakaenda polepole kwenye masikio ya mama, kwenye vile vifundo viwili. Nadhani hakuwahi kuviona. Alinyoosha mkono nusu, akaurudisha.

"Iliuma?" akauliza.

"Kushonwa hakukuuma. Walitupa dawa." Mama akakunja kile kitambaa, akakikunjua. "Kuosha ndiko kulikouma. Tulikuwa wasichana watatu. Wale wengine mama zao walikasirika, lakini walikuja, waliwaosha. Mimi nilijiosha mwenyewe. Sikuwa naona nyuma ya sikio. Nilipapasa."

Nilimwona mjomba akigeuka na kutazama barabara. Nyanya alizishusha ndewe zake moja moja, zikaning'inia, kama mtu anayevua kofia. Akatia mikono yake kwenye bakuli langu, akaiosha mpaka kwenye viwiko, akampokonya mama kitambaa. Nikafumba macho, nikainamisha kichwa, nikangoja maji ya vuguvugu sikioni mwangu. Hayakuja. Nilipofumbua, nyanya alikuwa amemlaza mama kichwa mapajani, mama yangu, mtu mzima, mke wa mwalimu, palepale uwanjani, na alikuwa anamdondoshea maji nyuma ya sikio, taratibu, mbele na nyuma, akifuta, akirudia. Alikuwa anamsemesha kwa Kikuria. Mama alikuwa anajibu, na analia kwa sauti kama mdogo wangu. Nami nilisimama nimeshika bakuli kwa mikono miwili lisimwagike, sielewi hata neno moja, wala sielewi kwa nini anaoshwa mtu asiye na kidonda.